Dawa ya waridi ya kuzuia maji kugandia kwenye trela la kambi: inafaa, ukichagua sahihi

Majani ya milimani yakishageuka manjano na mekundu, usiku wa chini ya sifuri hauko mbali. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na kinachopasuka kwanza mara nyingi ni pampu, valvu au viungio vya plastiki.

Nunua dawa ya waridi ya propilini glaikoli, ya kujaza kwenye bomba za trela badala ya maji. Ile ya rejeta ya gari, yenye ethilini glaikoli, ni sumu. Usiitie kamwe kwenye bomba za maji ya kunywa. Zenye alkoholi ni za bei nafuu, lakini hukausha mipira ya valvu.

Lita 8 hadi 12 hutosha trela nyingi, ila kwanza itenge hita ya maji kwa valvu zinazopitisha dawa pembeni yake, isiingie ndani. Ukisahau, tangi lake litameza lita 20 na zaidi bure. Hita imwagwe maji ikiwa imepoa, presha imetolewa. Kisha pampu ivute dawa moja kwa moja kutoka kwenye galoni. Fungua bomba moja moja, baridi halafu moto, hadi rangi ya waridi itoke imekolea. Bomba la kuogea la nje ndilo husahaulika zaidi. Malizia kwa kumimina kikombe kimoja cha dawa kwenye kila tundu la sinki.