Andika: fonti niliyoipima kwa herufi a peke yake

Aliyenifanya niitafute Andika, fonti (yaani mtindo wa herufi za kompyuta) ya wanaoanza kusoma, ni mtoto wa kaka yangu, ambaye alikwama kwenye neno "baba".

Yuko darasa la kwanza. Nilikuwa nimemtengenezea kijitabu cha kurasa nane, hadithi fupi fupi, nikakichapa kwa Times New Roman kama ninavyofanya kazi zangu zote. Akakifungua, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, kimya. "Shangazi, hii ya pili ni nini?" Nikamwambia ni a. Akaniangalia kama vile namtania. "A siyo hivi. A ni duara na kijiti." Akachukua penseli, akaniandikia pembeni ili nione mwenyewe.

Nilikosa la kumjibu. Nimepanga kurasa za vitabu vya watu miaka kadhaa na sikuwahi kuitazama a vizuri. A ya vitabuni ina paa juu na tumbo chini, umbo lililotulia Ulaya tangu mwandiko uliostawi enzi za mfalme Charlemagne, karibu na mwaka 800. A ya duara na kijiti ni ya mkono unaoandika haraka. Ndiyo iliyoingia kwenye herufi za mlazo, zile zinazoinama (italiki), pale mchapaji Aldus Manutius wa Venice alipoanza kuchapa vitabu kwa herufi hizo mwaka 1501. Sisi tuliozoea tunasoma zote mbili bila kugundua kuwa ni picha mbili tofauti. Mtoto ameonyeshwa moja ubaoni, halafu kitabuni anaikuta nyingine.

Na kwa Kiswahili tatizo linakuwa kubwa maradufu. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya darasa la kwanza: "Baba anakata kamba." Ina herufi 16, na 8 kati yake ni a. Asiyeitambua a kwenye ukurasa huo amekosa nusu ya sentensi.

Kabla ya Andika nilihangaika. Kwanza nilifanya ujanja wa kuandika hadithi yote kwa mlazo, maana a ya Times New Roman ikilazwa hubadilika na kuwa ya duara na kijiti. (Arial haifanyi hivyo; ukiilaza, a ni ileile, imeinama tu kama imechoka.) Lakini ukurasa mzima wa herufi zilizolala unamchosha hata mtu mzima. Nikajaribu Comic Sans, ambayo walimu wengi wanaipenda na wabunifu wanaicheka. Sasa nawaelewa walimu: a yake ndiyo ile ya ubaoni. Ila kijitabu kilitoka kama kadi ya mwaliko wa sherehe ya mtoto.

Century Gothic ndiyo iliyonidanganya zaidi. Kwenye kioo cha kompyuta inapendeza kweli, a yake ni duara safi lenye kijiti kando. Tatizo, duara hilo linakaribia sana kuwa o. Vijitabu vyangu huishia kwenye mashine ya fotokopi, na nakala ya nakala, wino ukipungua, kijiti kinafifia. Hapo "taka" inakuwa "toka", na "pana" inakuwa "pona". Ndipo nilipoelewa faida ya lile paa la a ya vitabuni: ikiwa nalo, haiwezi kufanana na o hata ikichafuka. Kwa hiyo anayechora fonti ya watoto ana mtego mbele yake. Anatakiwa aichore a wanayoijua, na bado isigeuke o.

Andika imeukwepa mtego huo vizuri kuliko zote nilizojaribu. Imetengenezwa na SIL, shirika la isimu lenye makao Dallas, Texas, mahsusi kwa watu wanaoanza kusoma, na jina lake ni neno letu hilihili la Kiswahili. A yake ni ya duara na kijiti, lakini kijiti kina nguvu na kimeshikamana na tumbo. Huoni duara lililoegemezewa fimbo. Nilitoa fotokopi mara tatu mfululizo, kila mara nikinakili nakala, na a bado ilikuwa a. Ukiikoleza (bold), tumbo halizibi. Zaidi ya hapo, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani, jambo ambalo fonti nyingi za bei ghali zimeshindwa.

Ni ya bure. Leseni yake inaruhusu kuitumia kwenye kazi ya biashara, kumgawia mwenzako, hata kuirekebisha. Usichoruhusiwa ni kuiuza yenyewe kama yenyewe. Kwa sisi tunaofanya kazi ndogo ndogo, hilo si jambo la kupita juu juu.

Sasa lawama. Nafasi kati ya mistari ni kubwa mno. Najua sababu, fonti hii inahudumia pia lugha zenye alama za kurundikana juu na chini ya herufi, lakini Kiswahili hakina alama hizo, na hadithi ya kurasa nane ilirefuka hadi kumi na moja. Ilibidi nipange mwenyewe: herufi pointi 18, mstari pointi 26. Baada ya hapo ikakaa sawa.

Lingine ni kosa langu nusu. Nilipeleka faili la Word kwenye steshenari moja mjini, kompyuta yao haikuwa na Andika, ikaweka fonti yake bila kuuliza. Nakala thelathini zikatoka na a yenye paa, ileile niliyoikimbia. Kijana wa mashine akaniapia kuwa hakugusa kitu, na kweli hakugusa. Siku hizi napeleka pdf tu, yenye fonti ndani yake.

Kwa kitabu cha watu wazima nisingeitumia. Nilijaribu kupangia mashairi ya rafiki yangu, na shairi zito la msiba likaonekana kama zoezi la mwandiko. A ya duara inabeba harufu ya chaki, huwezi kuitoa.

Nampa nyota nne kati ya tano aliyeichora. Ya tano naizuia kwa ajili ya ile mistari.

Kijitabu cha pili nilianza na "Ng'ombe anakula majani". Mtoto aliisoma yote, akasimama kidogo kwenye ng' kisha akaendelea. Nikamwambia A kubwa ilianza zamani sana kama picha ya kichwa cha ng'ombe, na kwamba akiigeuza juu chini ataona pembe. Akageuza kijitabu, akatazama, akachukua penseli. Sasa kila A kubwa kwenye kijitabu kile ina macho mawili na pua, na nakala hiyo ndiyo niliyotaka kumpelekea mwalimu wake.