Nilipeleka fimbo za mtumba kupimwa Nairobi: uzoefu wangu

Fimbo zangu za gofu nilizinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama Dar es Salaam. Alikuwa mrefu hasa. Nilipokwenda kuzichukua ilibidi niinue shingo kumsalimia, na hapo ndipo ningeshtuka, lakini mtu anayeuziwa seti kamili, begi na mipira thelathini kwa bei ya begi jipya tupu hashtuki kirahisi. Mimi nina mita 1.70, tena nikiwa nimevaa viatu.

Nimezichezea miaka mitatu Lugalo hapa Dar, kwenye ule uwanja wa jeshi wa mashimo 18. Hendikepu yangu (namba ya kupimia uwezo wa mchezaji, ikishuka ndiyo unaboreka) ilifika 24 na ushei ikakwama hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na tabia ya ajabu: chuma (fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, namba ikipanda mpira unakwenda karibu zaidi) zinapeleka mpira kushoto, draiva inapeleka kulia. (Draiva ni ile fimbo ndefu ya kuanzia, siyo dreva wa daladala, ingawa yangu nayo ilikuwa haikai barabarani.) Kila mtu klabuni alikuwa na dawa. Mmoja ananiambia kaza mkono wa kushoto, mwingine anasema legeza, wa tatu anasema tatizo ni kichwa, na sijui mpaka leo kama alimaanisha kukiinua au kilichomo ndani.

Mzee anayenibebea fimbo aliliona mwezi wa kwanza. Huyu mzee namwamkia shikamoo kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, na baada ya hapo yeye ndiye kamanda. Alinisimamisha na chuma saba nyuma ya mpira akaniambia, "Bosi, hizi zimekuzidi. Ona kisigino cha kichwa cha fimbo kimelala chini, ncha yake inatazama juu." Nikamjibu kwamba wachezaji wakubwa huzoea fimbo yoyote. Alininyamazia kwa adabu, nikaenda kuupeleka mpira kushoto kama kawaida.

Mwaka jana kazi ikanipeleka Nairobi kwa wiki mbili, nikaamua kubeba begi niende kwa watu wanaopima fimbo kwa mashine. Basi, Namanga, foleni. Afisa pale mpakani alitaka kujua kama fimbo hizo nazipeleka kuuza. Nikamwambia angeniona ninavyozipiga asingeuliza. Hakucheka, lakini alinipisha.

Duka sitalitaja, kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema. Lina uwanja wake wa mazoezi, na nyuma ya mpira wanaweka mashine ya rada inayoufuata angani hadi unapotua. Jamaa wa kupima alianza bila mashine. Alinipima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, akatazama viganja vyangu, akatazama mishikio ya fimbo iliyokuwa imeng'aa kwa uzee kama kisogo cha kobe, akasikitika kimya kimya. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililostahili safari nzima. Alichora mstari mweusi kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, akausimamisha wima ukiangalia uso wa fimbo, akasema piga. Nikapiga. Wino ukahamia kwenye uso wa chuma saba, na mstari ukalala upande kama mlingoti wa jahazi linalotaka kupinduka.

"Ungesimama wima, mlalo wa fimbo, yaani pembe yake na ardhi, uko sawa," akasema. "Huu unaniambia ncha iko juu wakati unagonga. Uso ukiinuka ncha, unatazama kushoto hata kama wewe umelenga bendera."

Maneno ya Mzee, ila kwa wino. Chuma zilikuwa zimerefushwa nusu inchi na kupindwa ziwe wima zaidi kwa ajili ya yule mzungu. Kwake ni sawa kabisa. Kwangu kila mpigo ulikuwa na kona ndani yake kabla sijasogeza bega.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Wakakata ile nusu inchi. Wakazipinda kulala nyuzi 2, jambo lililowezekana kwa sababu chuma zangu ni za kufuliwa. Za kumimina kwenye kalibu ni ngumu na zinaweza kukatika, kwa hiyo uliza kabla mtu hajaingiza fimbo yako kwenye mtambo. Ukikata shafti (mti wa fimbo) kichwa kinahisi chepesi, basi wakabandika utepe wa madini ya risasi nyuma ya vichwa kurudisha uzito. Mishikio mipya yote. Kwa joto la Dar hilo la mwisho peke yake lilikuwa kama kupewa mikono mingine.

Shafti zenyewe hatukubadilisha, na hapo nilijifanya mjanja. Ni za chuma, nzito, zile za ugumu unaoandikwa "S". Draiva yangu inapita kwa maili 88 kwa saa. Jamaa akasema ngumu hizo ni za mtu mwenye kasi kuliko mimi, akanijaribisha nyepesi za ugumu wa kawaida. Kwenye skrini tofauti ya mita ilikuwa ndogo, nikaona nimeokoa pesa. Sikujiuliza habari ya shimo la 15 saa saba mchana mwezi wa Februari, mabega yamekwisha na fimbo ile ile nzito. Skrini inapima mipigo kumi ya mtu aliyetoka kunywa chai.

Sasa mabaya. Baada ya kupima, nilipitishwa kaunta, na kaunta kuna mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Akanitolea seti mpya inayong'aa, nikapiga chuma saba yake, mpira ukaenda mita 12 kupita yangu. Nilikaribia kutoa kadi. Bahati yangu mimi ni mhasibu, nikaomba karatasi ya vipimo. Chuma saba yao ina mwinuko wa nyuzi 28.5 (mwinuko ni jinsi uso wa fimbo ulivyoegemea nyuma; ukiwa mdogo mpira unakwenda mbali). Yangu ni 34, sita yangu ni 30.5, tano yangu ni 27. Yaani ile saba mpya inakaa katikati ya tano na sita yangu, imeandikwa namba nyingine tu. Sisemi ni fimbo mbaya. Vichwa vya siku hizi huweka uzito chini, mpira unapaa hata kwa mwinuko mdogo, na kuna watu watakaozifurahia. Lakini mita 12 zile sikuzipata kwa swingi yangu wala kwa maajabu ya kiwanda. Tena ukishanunua, ile weji (fimbo ya mipigo mifupi) inayokuja na seti ina nyuzi 43, kisha ya mchangani ina 56, na katikati kuna pengo la kununulia fimbo nyingine mbili.

Pengo hata mimi nilikuwa nalo, dogo zaidi, kutoka 46 hadi 56. Nikakubali weji moja ya nyuzi 51. Ikumbuke hiyo weji, tutarudi kwake.

Draiva ilikuwa na habari yake. Yule jamaa wa kupima aliniwekea namba mbili skrini: fimbo ilikuwa inapita nyuzi 6 kwenda kushoto, uso ukitazama karibu moja kwa moja mbele. Siku zote niliamini mpira huanza kule fimbo inakoelekea. Sivyo. Huanzia karibu kabisa na kule uso unakotazama wakati wa kugongana, halafu hupinda kuikimbia njia ya fimbo. Mimi kwa kuogopa slaisi (mpira unaopinda kulia) nilikuwa nalenga kushoto zaidi kila wiki, na mabega yanafuata, na njia inazidi kukata kushoto, na slaisi inanenepa. Miaka mitatu nimeilisha mwenyewe.

"Draiva yoyote nikikuuzia leo itafanya hivyo hivyo," akaniambia kwa sauti ya chini, akitupia jicho kaunta. Alizungusha shingo ya draiva yangu ya zamani kwa ufunguo wake ili uso ujifunge kidogo, akanionya nisiiguse shingo hiyo nikiwa uwanjani, maana kubadilisha fimbo namna hiyo katikati ya raundi na kisha kuipigia ni kufukuzwa mashindanoni. Nampa nyota zote tano yule kijana.

Nikarudi Dar na kadi nzuri iliyochapishwa, umbali wa kila fimbo, nikaibandika kwenye begi. Chuma saba: mita 138. Jumamosi ya kwanza, shimo la kwanza fupi, Mzee anasema sita, mimi nasoma kadi nasema saba. Nikaigonga katikati kabisa, imenyooka, kushoto hakuna tena, hata nikaganda kwenye pozi kama sanamu ya Askari. Ikatua mchangani, mita kumi kabla ya grini (pale penye majani mafupi na shimo lenyewe). Ikawa hivyo shimo la nne. Na la saba.

Mzee akaisoma kadi, akauliza imetoka wapi. Nikamwambia Nairobi.

"Basi icheze Nairobi, bosi."

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi na mpira unakwenda mbali zaidi. Kwa urefu ule wachezaji hukadiria asilimia 10 hivi kwa fimbo ndefu. Huku kwetu Lugalo bahari iko jirani tu. Mashine nyingi za rada zina sehemu ya kugeuza matokeo yasomeke kama umepigia usawa wa bahari. Hakuna aliyeniuliza ninachezea wapi, na nilikuwa nimeshawaambia mara tatu kwamba nimetoka Dar. Hapa ndipo napunguza nyota moja. Nilipowapigia simu walikubali kosa na baada ya siku mbili wakanitumia kadi mpya: chuma saba 127. Hiyo ndiyo ninayochezea, na ni kweli. Mtu wa Mombasa au Tanga anayekwenda kupimwa Nairobi, Limuru au Arusha alitamke hilo kabla ya mpigo wa kwanza, na aliangalie kwa macho yake likiingizwa.

Turudi kwenye weji. Mashindano ya mwezi, ya kuhesabu mikwaju yote, Mzee alikuwa anaumwa, nikapewa kijana mgeni. Kwenye tii ya shimo la tatu mwenzangu anayeniandikia kadi akalitazama begi langu akasema limenona. Akahesabu. Draiva, mbao mbili (za masafa marefu, zinazoifuata draiva), haibridi (chotara wa mbao na chuma), chuma kuanzia nne hadi tisa, weji ya seti, 51, 56, 60, na ya grini. Kumi na tano.

Sheria inaruhusu 14. Adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza ukiwa na fimbo ya ziada, isizidi 4 kwa raundi. Nilikuwa nimemaliza mashimo mawili kwa 5 na 6, zikawa 7 na 8. Halafu haitoshi kusema tu "basi sitaitumia" moyoni. Papo hapo unatakiwa uonyeshe wazi ni ipi imetoka, ama kwa kumtamkia mwenzako au kwa kitendo kama kuigeuza kichwa chini ndani ya begi. Nikaichagua chuma nne, ambayo sijawahi kuipiga vizuri hata kwa bahati mbaya, nikaigeuza. Kwa mashimo 16 yaliyobaki mshikio wake mpya, niliolipia, ulichomoza juu ya begi kama mtoto aliyefungiwa darasani, na kila tuliyepishana naye alielewa kilichotokea bila kuuliza. Anayetoka dukani na fimbo mpya ahesabu begi usiku ule ule. Muuzaji hatakuhesabia.

Mwezi wa tisa sasa tangu nipimwe. Chuma zimenyooka tangu siku ya kwanza, na kwa hilo ningelipa tena kesho. Gharama ya kupima, kukata na kupinda ilikuwa ndogo kuliko malazi yangu ya wiki ile. Draiva haikuponywa na duka. Imenichukua miezi mitatu na mwalimu hapa Dar, zoezi moja tu la kuudhi: unaweka kofia ya draiva (kifuniko cha kichwa chake) chini, nje kidogo ya mstari wa mpira, na fimbo ikija kukata kwa kutokea nje unaigonga kofia kabla ya mpira. Wiki ya kwanza niliipiga kofia ikasafiri vizuri kuliko mpira. Bado nateleza kulia nikichoka, hasa baada ya shimo la 13, na hapo nazikumbuka zile shafti nyepesi. Mwaka huu nitazibadilisha.

Hendikepu imesogea hadi 21.9. Huhesabiwa kwa kadi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo zile mbovu za zamani bado zinatoka mojamoja.

Mzee amepona. Nilimsimulia habari ya wino na mstari uliolala, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza walinitoza kiasi gani. Nilipomtajia aliguna, akaninyooshea chuma sita. Chuma nne iko nyumbani nyuma ya mlango wa jikoni, na msimu huu imeangusha maembe mengi tu. Kwa kazi hiyo ile nusu inchi tuliyokata ingefaa.