Talisker ya miaka 10: moshi wa Skye katika joto la Malindi

Chupa ya wiski ya Talisker ya miaka 10 tuliyoifungua hapa Malindi mwezi wa Machi, wakati kaskazi inakwisha na joto halimpi mtu nafasi ya kupumua, mimi na shemeji yangu tuliichangia fedha kwa wiki tatu, na ninaandika tathmini hii ili anayefikiria kutoa fedha za namna hiyo ajue anazitolea nini. Kwa maoni yangu inastahili bei yake, mradi inywewe polepole na kwa maji kidogo tu, kwa kuwa barafu na soda hufunika kile hasa ambacho mnunuzi amekilipia.

Kiwanda chenyewe kilianzishwa mwaka 1830 na ndugu wawili, Hugh na Kenneth MacAskill, katika kijiji cha Carbost kando ya Loch Harport, kwenye kisiwa cha Skye, magharibi mwa Uskoti. Wiski yake ni singo molti, yaani imetokana na kimea cha shayiri peke yake na imepikwa katika kiwanda kimoja bila kuchanganywa na ya kiwanda kingine. Sheria ya huko inataka wiski ilale katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na hii imelala 10. Kwetu sisi tuliokulia karibu na wagema, ambao mnazi wao ni mtamu alfajiri na kufikia kesho yake umekwisha kuwa mchachu, subira ya miaka 10 ni jambo la kuliheshimu.

Yeyote aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa, bomba likipita ndani ya pipa la maji baridi ili mvuke ugeuke matone, ataielewa Talisker upesi. Viwanda vingi vya Uskoti vimeacha njia hiyo na kuweka mitambo mipya ya kupozea, lakini Talisker bado hupitisha mvuke wake katika mabomba ya shaba yaliyojizungusha kama nyoka ndani ya mapipa makubwa ya mbao yaliyojaa maji, na kinywaji kinachotoka humo huwa kizito zaidi mdomoni. Mitungi yake ya shaba ya kupikia ni 5, miwili ya mpiko wa kwanza na mitatu ya mpiko wa pili, hesabu isiyo ya kawaida iliyobaki tangu zama ambapo wiski hiyo ilipikwa mara tatu, hadi mwaka 1928. Shingo za ile mitungi miwili ya kwanza zimepindwa chini kisha juu, na zina bomba dogo linalourudisha mvuke mzito mtungini ili upikwe tena. Mwaka 1960 vali iliachwa wazi, kinywaji kikamwagika na kushika moto wa makaa, na jumba la mitungi likateketea. Walipojenga upya walinakili mitungi ya zamani kwa umbo lile lile, na kazi ikaanza tena mwaka 1962. Uamuzi huo wa kutobadilisha umbo ndio unaonifanya nikiamini kiwanda hiki, maana ladha huzaliwa mle.

Moshi wake una chanzo kingine: kimea hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa vipande na kuanikwa. Tangu mwaka 1972 kazi hiyo haifanyiki tena Carbost, bali kimea hutoka kiwanda cha Glen Ord, upande wa bara.

Tulimimina kidogo sana katika glasi nyembamba iliyokuwa imepozwa, kwa sababu nguvu ya kileo ni asilimia 45.8 na katika joto letu mvuke wake hupanda haraka ukaichoma pua kabla harufu haijafika. Shemeji, ambaye kazi yake ni uvuvi, alinusa, akanyamaza, kisha akasema, "Shem, hii ni jiko la makumbi lililowashwa pwani." Ndivyo ilivyo. Kuna moshi wa makumbi ya nazi, kuna harufu ya kamba ya jahazi iliyokauka na chumvi, na baada ya kumeza, utamu wa kimea unapoanza kutulia, hupanda ukali wa pilipili manga unaokaa kooni kwa muda mrefu. Nilipoongeza kijiko kimoja cha chai cha maji, moshi ulirudi nyuma na nikapata kitu kama ganda la tufaha lililoiva. Kijiko cha pili kiliiharibu.

Rangi yake ya dhahabu isimhadae mtu kuhusu umri, kwa kuwa sheria inaruhusu karameli kutiwa ili rangi ifanane kutoka chupa hadi chupa. Uangalifu mkubwa zaidi uelekezwe mahali pa kununua. Katika baa moja mjini nilimiminiwa, kutoka chupa yenye jina hili hili, kinywaji kisichokuwa na moshi hata chembe, na nikalipa bei kamili. Tangu hapo ninanunua chupa iliyofungwa tu, ninaukagua muhuri wa kifuniko, na ninaisoma stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa simu kabla ya kutoa fedha.

Nyumbani chupa isimame wima, kwa maana kileo kikali hula kizibo cha gome, na iwekwe kabatini mbali na dirisha la jua. Anayechukia harufu ya moshi asijilazimishe, kwani hapa moshi haukwepeki. Yetu tuliimaliza mwezi wa Juni, kusi ilipokuwa imeshika na mashua ya shemeji imepandishwa ufukweni, na tumekwisha kuanza kuchangia nyingine.