Mtutu Mrefu, Mtutu Mfupi: Kasi ya Risasi Inabadilika Kiasi Gani?

Haya, karibuni tena. Kila nikigusa habari za bunduki swali linarudi lilelile: mtutu ukiwa mrefu, risasi inakwenda kasi zaidi? Ndiyo, inakwenda. Ila watu wanadhani kila sentimita inaongeza kasi sawasawa, na hapo ndipo wanapoliwa hela zao.

Mezani sina silaha yoyote, msinitafutie kesi. Nitakazoanza nazo ni za kivita, kwetu raia hamiliki. Mnachokiona kwenye skrini ni vipimo vya kiwandani vya ukoo wa Kalashnikov, bunduki ambazo taarifa za polisi Tanzania huziita SMG. Nimechagua ukoo huu kwa sababu una mitutu mitatu ya urefu tofauti inayopiga risasi ileile ya milimita 5.45. Huwezi kupata ulinganisho safi kuliko huo.

Tuanze na kadogo, AKS-74U. Mtutu wake ni milimita 206.5, na risasi inatoka mdomoni kwa mita 735 kwa sekunde. Kaka yake, AK-74, ana milimita 415 na mita 900. Mkubwa wao ni RPK-74, bombomu jepesi: milimita 590, mita 960.

Sasa simamisha video hapo upige hesabu. Kutoka wa kwanza kwenda wa pili umeongeza takribani sentimita 21, ukapata mita 165 za ziada. Kutoka wa pili kwenda wa tatu umeongeza sentimita 17 na nusu, ukaambulia mita 60. Yaani mwanzoni kila sentimita kumi zilikulipa karibu mita 80, baadaye zinakulipa kama 34.

Kwa nini? Baruti ikiwaka inageuka gesi yenye shinikizo kubwa mno, na shinikizo hilo hufika kileleni risasi ikiwa bado imesogea sentimita chache tu. Kadiri risasi inavyokwenda mbele, nafasi nyuma yake inapanuka na gesi inalegea. Ni sawa na vijana wanaosukuma daladala iliyozimika: hatua za kwanza wana nguvu zote, mbele huko wanasukuma bado, lakini pumzi imekwisha. Gari linaongeza mwendo kidogo kidogo tu.

Ukikata mtutu mapema, gesi inatoka nje ikiwa bado na nguvu. Nguvu hiyo haipotei kimya kimya, inageuka moto na mlio. Ndiyo maana AKS-74U ina kile kikopo kinene mdomoni, na bado inapiga kelele za kuudhi.

Risasi ya zamani, ile ya 7.62, ina tabia nyingine. AKM, iliyotangulia AK-74, mtutu milimita 415, inatoa mita 715. RPK, bombomu lililotangulia RPK-74, yenye milimita 590 inatoa 745. Mita 30 tu! Tundu la mtutu ni pana zaidi, kwa hiyo kila sentimita risasi inayosogea inaifungulia gesi nafasi kubwa zaidi, na shinikizo linashuka haraka. Nikiambiwa nibebe urefu wote ule kwa ajili ya mita 30, nakataa. RPK ina sababu zake nyingine, mtutu wake ni mnene ili uvumilie joto la kupiga mfululizo.

Halafu kuna .22, karisasi ka kuwindia sungura. Baruti yake ni kidogo hivi kwamba ukifika kama sentimita 40 za mtutu, kazi imekwisha. Ukizidisha hapo, msuguano unaweza hata kuanza kuipunguzia risasi mwendo. Anayekuuzia .22 yenye mtutu mrefu kwa maelezo kwamba ina kasi, mwache aende zake.

Na shabaha? Hilo ni jambo jingine kabisa. Mtutu mfupi na mnene unaweza kulenga vizuri kuliko mrefu mwembamba, maana haupepesuki sana risasi inapopita.

Kwa wawindaji wenye vibali: kasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi za .308 mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 24, karibu sentimita 61. Boksi likisema mita 860 na bunduki yako ina inchi 20, tarajia pungufu ya mita 25 hadi 30 hivi. Mnyama aliye mita 100 hataijua tofauti hiyo. Wewe utaijua ukipiga mbali kwa kufuata jedwali la boksi, risasi ikaanguka chini ya ulipolenga. Mimi porini ningechukua inchi 22, na kwenye vichaka vizito hata 20, kisha ningekwenda uwanja wa shabaha na kipima kasi nikaandika namba zangu mwenyewe.