Turner au Monet: nani shahidi bora wa moshi wa viwanda?

Katika mchoro wa 1844 wa Turner, mchoraji Mwingereza, garimoshi linavuka daraja la Maidenhead nchini Uingereza, na mbele yake sungura mdogo, ambaye wengi humpita bila kumwona, anatimua mbio relini. Kwa kuonyesha mshtuko wa mabadiliko, sioni anayemfikia. Kwa ushahidi wa hewa yenyewe, Monet, mchoraji Mfaransa, anamzidi, kwani kati ya 1899 na 1901 alirudia mandhari zilezile za mto Thames, London, katika ukungu na moshi, ingawa picha nyingi alizimalizia nyumbani kwake Giverny, Ufaransa. Za Monet zimetawanyika duniani. Ya Turner iko katika jumba la sanaa la National Gallery, London, bila kiingilio. Mwalimu wa historia aanze na Turner; mtafiti wa hewa, na Monet.