Nimetengeneza mhusika wa Dungeons & Dragons kwa kanuni za bure: wa kwanza kafa, wa pili anadunda

Wakuu, naanza na hukumu kabisa asije mtu akasoma mpaka chini ndo akute jibu: zile kanuni za msingi za Dungeons & Dragons toleo la tano, ile pdf ya bure ya 2014, zinatosha kabisa kutengeneza mhusika wako wa kwanza, hununui chochote. Ila usizifuate kwa mpangilio wake. Mimi nilizifuata hatua kwa hatua, nikachanganya na ujuaji wangu, nikaishia kumzika mtu niliyemwandikia kurasa tatu za historia.

Kwa ambae hajawahi kucheza ni hivi, mnakaa watu wanne watano, mmoja ndo msimamizi, yeye anaeleza mlipo na anawacheza maadui wote, nyie wengine kila mtu na mhusika wake. Unasema unataka kufanya nini, kama kuna uwezekano wa kufeli unarusha dadu ya pande 20 unajumlisha na namba iliyoko kwenye karatasi ya mhusika. Basi. Mchezo ulitoka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, na mpaka leo kazi kubwa ya mgeni ni ileile, kuijaza hiyo karatasi.

Humo ndani unapewa jamii nne: binadamu, mbilikimo, halfling (vijitu vifupi kama watoto) na elf (wale wenye masikio yaliyochongoka, ukiiandika Kiswahili inakuwa elfu, mezani kwetu tulicheka mpaka tukasahau zamu ya nani). Fani nazo nne, mpiganaji, mwizi, mchawi na kasisi. Kitabu kamili cha kununua kina fani 12 kwahiyo mtu anaweza kuona kapunjwa, lakini amini nakwambia, kwa mgeni hata hizo nne ni nyingi.

Sasa tatizo. Kanuni zinakwambia chagua jamii, halafu fani, halafu namba, halafu ndo umuelezee mtu wako, mwisho vifaa. Mimi nikachagua elf kwa sababu ya masikio, sina sababu nyingine. Kisha mchawi. Kisha ukifika kwenye namba unapewa sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unazigawa kwenye nguvu, wepesi, stamina, akili, busara na mvuto. (Unaweza kurusha dadu badala yake, nne za pande sita unaiacha iliyo ndogo kuliko zote, ila kwa mara ya kwanza sishauri, utatoka na mtu wa ajabu.) Nikaweka 15 kwenye nguvu maana nilitaka mchawi anaepiga ngumi, wachawi wa vitabu wako wengi bana. Stamina nikaipa ile 8, nikajisemea si anakaa nyuma huyu.

Hesabu yake ndo hii hapa. Hiyo namba kubwa yenyewe karibu huitumii kabisa, kinachotumika ni nyongeza yake: unatoa 10, unagawa kwa 2, ikibaki nusu unashusha. Kwahiyo stamina 8 ni kasoro 1. Mchawi anaanza na pointi za uhai 6, toa 1, zinabaki 5. Goblini, yule adui ambae wageni wengi wanaanza nae, panga lake linatoa dadu ya pande sita ongeza 2, wastani wake ni kama 5. Yaani pigo moja la kawaida tu. Na mimi kinga yangu, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ndo anipige, ilikuwa 12, yeye anaongeza 4 akishambulia, maana yake akirusha 8 kwenda juu kanipata.

Akarusha 15. Msimamizi akaniuliza kwa upole kabisa, kinga yako ngapi? Nikamwambia. Akarusha ile ndogo, ikatoka 4, ongeza 2, sita. Niko chini na hata uchawi mmoja sijatumia. Ukiwa chini kila zamu yako unarusha ile ya pande 20, 10 kwenda juu umefaulu, chini ya hapo umefeli, ukifaulu tatu unatulia, ukifeli tatu umekufa. Nikarusha 7. Halafu 1, na 1 inahesabiwa kufeli mara mbili. Wakati huo mwenzetu mwenye kasisi bado anatafuta ukurasa wa dua ya kuponya.

Kurasa tatu! Nilikuwa nimeandika mpaka jina la mwalimu wake.

Kosa ni langu sikatai, na ukisoma vizuri kila fani ina kijisehemu kifupi kinachokwambia ukitaka kumjenga haraka namba yako kubwa weka hapa, inayofuata hapa. Mimi nilikiruka nikaona ni cha wavivu. Sasa nasema hicho kijisehemu ndo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ile pdf na kingewekwa ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu.

Mhusika wa pili nikaanzia kwenye fani, nikajiuliza tu mezani nataka niwe nafanya nini. Kunyata, kufungua makufuli, kudanganya walinzi. Mwizi basi. Baada ya hapo jamii ikajichagua yenyewe, halfling mwenye miguu miepesi anaongezewa wepesi 2 na mvuto 1, na akirusha 1 kwenye dadu ya pande 20 anaruhusiwa kurudia (baada ya kile kifo hii niliiona kama fidia). Wepesi 15 ukawa 17, nyongeza 3. Bonasi ya ujuzi ya kuanzia ni 2, na mwizi kuna ujuzi miwili anaichagua inazidishwa mara mbili, kwahiyo kunyata nina 3 na 4, saba. Goblini asiyekuwa makini anakushtukia ukitoka na chini ya 9. Nikirusha hata 5 mimi nina 12, napita nyuma yake kama moshi. Pointi za uhai 9, kinga 14 na koti la ngozi. Sio mbabe ila anaishi.

Vifaa chukua zile seti zilizopangwa tayari, usianze kununua kamba na mienge kimoja kimoja kwa vipande vya dhahabu utalala hapo.

Sehemu niliyoipenda sana ni majedwali ya tabia. Kila historia ya maisha, iwe mhalifu, askari, msomi au nyingine, ina orodha ya tabia, imani, kitu unachokithamini na udhaifu, unachagua au unarushia dadu. Sentensi nne hizo zinafanya kazi kuliko kurasa zangu tatu zote. Udhaifu nilitunga mwenyewe: hawezi kupita mlango uliofungwa bila kujaribu kitasa. Umeshatutia matatani mara mbili na kila mtu mezani anausubiri.

Kuna app moja pia nilijaribu, inajaza namba zote yenyewe, raha sana mpaka msimamizi akuulize hiyo 7 imetoka wapi. Fanya kwa penseli kwanza.

Kanuni mpya za 2024, ambazo nazo zina toleo la bure, zimegeuza mpangilio, fani inakuja ya kwanza, na zile nyongeza za namba sasa zinatoka kwenye historia ya maisha sio kwenye jamii. Kama ndo unaanza leo na meza yenu haijaamua, nenda na hizo, ila waulize wenzako kwanza maana mkichanganya matoleo mtagombana.

Hii ya 2014 naipa 4 kwa 5, moja nimeikata kwa sababu ya mpangilio. Mwizi wangu yuko levo ya tatu sasa hivi. Karatasi ya marehemu nimeigeuza, nyuma yake ndo nahesabia mishale.