Aliye mtumbwini na aliye ufukweni

Usiku wa giza, ukisimama Kibirizi hapa Kigoma unaona taa zote za wavuvi wa dagaa zikisogea. Aliye mtumbwini anajua wimbi lililompiga yeye tu.

Ndivyo lilivyo swali hili: mikondo ya kasi ya plazma (gesi yenye chembe za umeme) katika uga wa sumaku wa Dunia, tuichunguze kwa setilaiti au kwa vifaa vya ardhini? Setilaiti ni huyo wa mtumbwini. Zile za THEMIS, mradi wa NASA uliorusha setilaiti 5 mwaka 2007, hupima mkondo huo ukizipitia, pengine kwa kasi ya zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde. Nje ya hapo ni kubahatisha.

Wa ufukweni ni rada za SuperDARN (mtandao wa rada za ardhini) na kamera za Kanada zinazopiga picha mianga ya angani (aurora): huona eneo pana, ila huona athari tu za mkondo, kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi. Kuoanisha hivyo viwili kunategemea modeli ya sumaku ya Dunia, na hiyo (bahati mbaya!) hukosea zaidi dhoruba ya sumaku ikichacha. Nikilazimishwa, nachagua ardhini: mkondo ukiikwepa setilaiti, haina habari.